Dawa ya Kumsahau Jabali

Siku hizi mnyama wa nyumbani akifa, wakubwa wa mtaa huleta dawa ya kusahau, familia nzima inywe, ili kesho watu waende kazini macho makavu. Mbwa wetu Jabali alipokufa, mke wangu na binti yetu Koku walikunywa. Mimi niliitema. Wakianza na mbwa, watamalizia na mama zetu!

Kila jioni nakwangua ukoko wa ugali na kuupeleka uani, palipokuwa na banda lake.

"Baba Koku, unamlisha nani, mashetani?"

"Mbwa wetu."

"Lini tulifuga mbwa, mume wangu?"

Nikamwonyesha Koku kovu la mguuni mwake. "Nyoka alikuuma hapa. Jabali akamrarua, wakafa wote wawili. Angalau wewe kumbuka, mwanangu!"

"Mama anasema ni mwiba, baba."

Leo Koku kaniletea chai. Nimeshaimaliza ndipo naona bado kasimama, anakitazama kikombe.

"Sasa utapumzika, baba."

Nimekimbilia uani, natia kidole kooni, naita, "Jabali! Jabali!"

Jirani anachungulia juu ya ukuta. "Jabali ndiye nani, mzee?"

"Mbwa wetu! Mweusi, mwenye... La, mwekundu. Koku! Alikuwa mwekundu?"