Kichujio cha Mkurugenzi

Siku hizo kila kiongozi wa mji alivalishwa kichujio sikioni, asisikie shida za leo, awaze miaka ijayo tu. Za leo waliachiwa wasaidizi. Salehe, mume wa mkurugenzi wa maji, alikwishachoshwa na sheria hiyo, maana kichujio hakikuvuliwa hata nyumbani.

Jioni moja binti yao Nasra alichemka homa.

"Mama Nasra, mtoto anaumwa," Salehe alisema.

Hidaya, mkewe, aliona midomo ikicheza tu. Akatabasamu kwa uchovu.

Salehe akatafuta maneno yatakayopenya. "Miaka kumi ijayo, mke wangu, huenda tusiwe na Nasra."

Hayo aliyasikia. Akaweka kikombe chini, uso umemshuka. "Hilo ni zito," alisema taratibu. "Bahati nzuri tuna muda wa kulipanga."

Salehe akamshika mkono, akauweka kwenye paji la uso la mtoto. Hidaya alishtuka, akafungua kinywa kuuliza, lakini swali lake mwenyewe hakulisikia.

Salehe akambeba mtoto kwenda hospitali. Hidaya alibaki mlangoni, akijaribu kukumbuka alitaka kusema nini.