Soketi ya Kabati la Bafuni

Fundi umeme alikuwa ameingiza kichwa na bega zima ndani ya kabati la bafuni, na sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

"Mwalimu, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Soketi hii haina kosa. Iko mbali na bomba, ina swichi yake ya kukata umeme. Mkaguzi kaona nini?"

"Kaandika," alisema mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni. "Na alichoandika nimekisoma."

Watu wote walimwita Mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na tisa. Hakuna kadi ya harusi wala kibao cha duka kilichowahi kupita mbele ya macho yake bila kusahihishwa. Karatasi ya mkaguzi alikuwa ameikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Mengine yote yako sawa, soketi ya kabati la bafuni ifungwe. Alikuwa ametafuta kosa humo kwa siku mbili, akakosa.

Wiki moja kabla, mkaguzi alizunguka nyumba nzima bila kusema neno. Alipofika bafuni alifungua kabati, akaishika ile soketi, akatikisa kichwa, akaandika. Huko kutikisa kichwa ndiko kulikomnyima Mwalimu usingizi.

Maana bila cheti cha mkaguzi hakuna umeme, na bila umeme hakuna kuhama. Kwa miezi mitano sasa Mwalimu na mkewe walikuwa wakilala sebuleni kwa dada mkubwa wa mke, na miezi mitatu iliyopita wakaongezeka, wakawa watatu. Dada mtu hakuwa na roho mbaya. Ila siku hizi alikuwa anauliza habari za nyumba kabla hata ya kuitikia salamu. Na kesho yake mkaguzi alikuwa anaanza likizo ya mwezi mzima. Leo saa nane mchana angepita tena, na ikishindikana leo, basi tena.

"Lakini soketi yenyewe niliiomba mimi," alisema mke wa Mwalimu, mtoto akiwa begani. Katika nyumba nzima hakuwa ameomba kingine. Alitaka mashine ya nywele na ya ndevu zikae ndani ya kabati, zisitapakae kwenye sinki. "Si ungempigia tu simu, baba, ukamuuliza ana maana gani?"

Mwalimu alimtazama kana kwamba amemwambia atembee barabarani bila suruali.

"Nimpigie mkaguzi wa umeme nimuulize maana ya neno la Kiswahili? Mimi?"

"Basi nipe mimi hiyo karatasi niione," alisema fundi kutoka kabatini.

"Wewe shughulika na nyaya. Kiswahili niachie mwenyewe. Amesema soketi izibwe, na izibwe."

Fundi aliguna. Alinyoosha mkono ndani, na soketi ikamjia kiganjani kabla hajatoa bisibisi mfukoni. Aliitazama soketi, akautazama ukuta, akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaamua kukohoa. Mafundi wana mambo ambayo hawayasemi mbele ya mwenye nyumba.

"Nikiziba hapa, waya unabaki umezikwa," alisema badala yake. "Sijapenda. Hata kama kule unakoanzia nimeukata, sijapenda."

"Ubaki."

Akaviringisha ncha za waya kwa utepe wa umeme, akazisukuma shimoni, akashindilia saruji. Juu yake akabandika kigae kilichobaki sakafuni. Kazi ilimtoka vizuri, hilo lazima asifiwe. Mke wa Mwalimu alikaa kwenye kizingiti akipepea saruji kwa gazeti ili ikauke, machozi yakimlengalenga.

Saa nane kamili mkaguzi akapiga hodi. Alikuwa mzee mnene mwenye magoti mabovu, na safari hii hakuwa kimya kama ile ya kwanza. Alisalimia kila mtu. Alimshika mtoto kidole, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye nyumba. Kisha akaenda moja kwa moja bafuni, Mwalimu akimfuata kifua mbele.

Akafungua kabati. Akaingiza mkono, akapapasa ukuta, juu, chini, juu tena.

"Soketi iko wapi?"

"Tumetekeleza kama ulivyoagiza," alisema Mwalimu. "Hata ukija na tochi huioni."

"Na waya?"

"Umo humo humo ukutani. Saruji ndani, kigae juu."

Mkaguzi aliutoa mkono. Alichungulia tena kabatini, akamtazama fundi, na fundi akainamia viatu vyake. Alifunika kalamu yake, akaikunja fomu ya cheti aliyokuja nayo bila kuitia sahihi. Halafu akachovya vidole viwili mfukoni mwa shati, akatoa kipande cha karatasi, akakifungua kiganjani. Ndani yake mlikuwa na skrubu mbili mpya.

"Ile soketi ilikuwa inacheza tu, Mwalimu," alisema. "Nikamfikiria huyu mtoto, nikasema wasije wakakwama kwa kitu kidogo, nitabeba skrubu zangu mwenyewe. Sasa nifunge nini?"