Skrini Nyeusi

Mazishi ya mwanzilishi wa shirika yalirushwa mubashara kwenye matawi yote, lakini skrini ya tawi la mlimani haikuonyesha kitu. Mbele yake alikaa Bibi Nakiete, dada wa marehemu, asiyeweza tena kusafiri.

Tumsifu, fundi wa mtandao wa shirika, alimfokea fundi wa kampuni ya laini ya intaneti mbele ya waombolezaji. "Laini yenu ndiyo mbovu, Kihampa!"

Kisha akaikagua ruta yake mwenyewe, kifaa kinachopokea na kusambaza mtandao. Amri ya kupokea matangazo yale hakuwa ameiweka. Akaiandika, asijue auweke wapi uso wake.

"Wameshamzika, mwanangu?" bibi aliuliza.

Picha ilipotokea, watu kule makaburini walikuwa wakikung'uta udongo viatuni, wakiondoka. Kihampa akamsogezea bibi kiti karibu na skrini.