Mfuko wa Mchanga

Miezi minane Mwanahawa alikunywa uji usio na sukari, kwa kuwa mumewe, Sengo, alisema sheria hairuhusu kindege chao kibebe uzito wao wote wawili. Leo, uwanjani, alipanda mizani amekonda kama ng'onda. Kilo arubaini na nane!

"Kwani hukumwambia mkeo, bwana?" mkaguzi alimuuliza Sengo. "Kikomo cha uzito kilipandishwa mwaka jana, na barua nilikupa mwenyewe. Sasa abiria mwepesi hivi, ndege itayumba."

Sengo alicheka mpaka akashika mbavu. "Nilitaka nione ataweza hadi wapi."

Akambebesha mkewe mfuko wa mchanga. Mwanahawa akaukumbatia palepale juu ya mizani, akautazama mshale ukipanda taratibu hadi sabini na mbili, uzito wake wa miezi minane iliyopita.