Ng'ombe wa Karuba

Picha za watoto waliopotea vitani zilikuwa bado kwenye seva ya zamani, na seva hiyo ingefungwa jioni ile. Kurasa nyingine zote nilikuwa nimeshazihamisha. Folda ya picha ilidai neno la siri alilolijua Valentin peke yake. Yeye ndiye aliyeijenga tovuti kabla ya kukimbia, na watu bado waliiita ya Valentin. Simu yake haikupatikana tena.

Nilijaribu jina la mama yake, la parokia yake, la timu yake ya mpira. Yote yalikataliwa.

Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Papa Plamedi, jaribu Bihogo."

"Bihogo njo nani?"

"Ile ngombe ya kwao Valentin, kule Karuba." Alichomoa kijiwe, akakitazama, akakitupa nje. "Njo ingekuwa mahari yangu. Vita ikaikula."

Niliandika. Folda ikafunguka. Nyuso za watoto wa Masisi na Walikale zikaanza kuhamia kwangu mmoja baada ya mwingine, na nilipaswa kufurahi.

"Imekubali?"

"Imekubali."

Akayatabasamia maharagwe.

Halafu seva mpya ikaniomba niweke neno la siri langu mwenyewe. Vidole vyangu vikabaki juu ya kibodi. Mimi nilimuoa kwa mbuzi, na kwetu mbuzi hawapewi majina.