Kitanda cha Dirishani

Sabini na mbili. Mwandishi wa programu alipiga funda la chai, akatazama tena. Sabini na mbili. Alijikuna, akapangua karatasi mezani, akatazama. Namba ile ile, imekaa kitako kwenye skrini kama mgeni asiyetaka kuaga.

Hakuna moyo wa mtu unaopiga hivyo. Moyo hupanda ukikohoa, hushuka ukisinzia. Kitanda cha mlangoni, kwa mfano, kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri tu. Ila cha dirishani kilikuwa kimeganda. Programu yao ya kufuatilia mapigo hospitalini haikuonyesha majina ya wagonjwa, ilijua vitanda tu. Ndivyo alivyoipanga mwenyewe, kuwafichia watu siri zao. Lakini hiki hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Cha dirishani ndicho alicholazwa mama yake, wiki hii hii, baada ya kupasuliwa moyo.

"Mbona umekuwa kama umeona jini?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima walimwita Kipara japo nywele alikuwa nazo tele.

"Lile toleo jipya la lugha ya kompyuta tuliloweka jana," alisema. "Namba ikikosekana, linafanya nini?"

"Haliangushi programu tena. Linachukua namba ya mwisho na kuendelea nayo. Si ndiyo raha yake? Wewe mwenyewe ulilisifu."

Kweli alilisifu. Alisoma maelezo yake juu juu, akaona litawapunguzia kero, akalipitisha. Kile kidude kinachobanwa kidoleni kikikosa mapigo hakitumi sifuri, hakitumi kitu. Labda kimechomoka, labda moyo umesimama. Kwa programu yote mawili ni kimya. Toleo la zamani lilikuwa likikutana na kimya hicho linakwama, na likikwama king'ora kinalia wodini. Hili jipya lilikuwa na adabu mno. Lilikijaza kimya kwa namba ya mwisho, skrini ikabaki kijani, na tangu asubuhi hakuna aliyeshtuka.

Alimpigia mama yake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Akapiga wodini.

"Cha dirishani?" nesi alijibu kwa sauti iliyochoka. "Kijani kabisa, dada. Nimechungulia sasa hivi, amejifunika, amelala."

"Mguse. Tafadhali nenda ukamguse."

"Si ninyi mliotuambia kikiwa kijani tusiwasumbue wagonjwa? Haya, nikishamfunga huyu kidonda nitakwenda."

Hakungoja. "Rudisha toleo la zamani," alimwambia Kipara, ameshafika mlangoni.

"Hiyo ni kazi ya saa nzima."

"Basi anza."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, ila leo barabara ilikuwa imerefuka. Alivuka bila kuangalia magari; dereva mmoja akamtukania ukoo mzima. Ngazi alizipanda mbili mbili. Kiatu kimoja kikamvuka, akakiacha hapo hapo.

Njia nzima alikuwa akimwona mama yake. Mama ambaye hajawahi kukaa na kitu chake kwa raha: mgeni akija anampisha kiti, basi likijaa anasimama yeye, kipande cha mwisho cha nyama anadai ameshiba. Hata jana, na ule mshono mbichi kifuani, lililomsumbua ni jirani yake wa kitanda cha mlangoni, mwalimu mstaafu asiye na mtu wa kumtazama. "Masikini, upepo wote wa mlangoni unaishia kwake," alilalamika. Na yeye akamjibu kwa mkato, "Mama, hebu jihurumie wewe kwanza." Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Alijichukia, akazidi kukimbia.

Alipousukuma mlango wa wodi, nusura umgonge mtu.

"Vishindo gani hivyo, mwanangu? Na kiatu kingine kiko wapi?"

Mama yake alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, ukingoni mwa kitanda, akimenya chungwa taratibu.

Alijikuta yuko sakafuni, ameyakumbatia magoti ya mama yake, analia na kucheka kwa mkupuo mmoja. Kidude kimechomoka. Basi, ni kidude tu kimechomoka. Alijiona mjinga, na hajawahi kuufurahia ujinga wake kama siku ile.

"Mbona hupokei simu?" alisema, kamasi zikimtoka kama mtoto. "Mashine ilionyesha umeganda. Nilijua umeniacha."

"Nikuache niende wapi?" Mama alimpangusa uso kwa upindo wa khanga, kisha akashusha sauti na kuelekeza kidevu upande wa dirishani. "Ila ongea polepole, utamwamsha mwalimu. Alfajiri nilimpisha kile kitanda changu, alitaka kuota jua kidogo. Simu nimeisahau huko huko, chini ya mto. Imelia sikioni mwake weee, wala hakugeuka."