Namba Chini ya Kiti cha Nyuma

Penseli ya mkaguzi wa magari ilisimama ghafla katikati ya namba.

Jentrix aliiona ikisimama. Mkaguzi huyo, Odero, alikuwa ameinamia chasisi chini ya kiti cha nyuma, akisugua karatasi kwa penseli ili namba iliyogongwa kwenye chuma ijitokeze. Tarakimu nne za kwanza zilitosha. Namba hiyo haikuwa ile ya kwenye logbook, hati ya umiliki wa gari.

Jentrix hakuwa mwizi. Logbook ilikuwa ya Volkswagen ya marehemu babake, ambaye aliagiza bodi ya faiba ikaja vipande vipande ndani ya sanduku, kisha akafariki kabla hajaifunga juu ya chasisi. Jentrix aliifunga mwenyewe, miaka sita mizima, uani kwake Kitengela, majirani wakimcheka waziwazi. Chasisi ya mzee ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi Kinyanjui akamtafutia nyingine kwa wauza vyuma chakavu, naye, kwa ujinga wake, hakuuliza karatasi.

Sasa ilikuwa Machi 2003, naye alikuwa Kajiado mbele ya mtu ambaye watu walisema hata soda ya bure hanywi. Odero akilikataa gari, lingepelekwa polisi, nalo likishafika huko lingeota nyasi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Rangi si hii, Odero alisema. Jentrix akatoa fomu ya rangi. Bodi si hii. Akatoa risiti ya babake. Injini je? Akatoa barua ya fundi. Lakini sasa Odero alimaliza kusugua, akasoma, akasoma tena, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati.

"Hii chassis ulitoa wapi, madam?"

"Kwa scrap, Kitengela. Mkubwa, ukweli sikujua..."

"Nani mwingine ameona hii namba?"

"Ni fundi tu."

Odero akalizunguka gari mara mbili. Akamtuma karani wake dukani, akafunga mlango wa banda la ukaguzi. Jentrix akadhani ameelewa. Kumbe na huyu ni wale wale! Akafungua mkoba kwa aibu.

"Rudisha hiyo pesa!" Odero akafoka. "Nimekuitisha pesa?"

Akavuta fomu, akaandika kwamba namba zinalingana, akagonga muhuri. "Enda na gari yako. Na huyo fundi asage hiyo namba iishe leo leo."

Hapo Jentrix alipaswa kurukaruka kwa furaha, lakini hakuichukua fomu. Kwa miezi mitatu, tangu aione namba hiyo, hakuwa amelala vizuri kwa sababu ya chuma hicho. Na kama mtu mnyoofu kama Odero aliona heri namba isagwe, basi kuna mtu aliyeibiwa, au aliyeuawa, na gari lake ndilo hili.

"Hapana, mkubwa," akasema. "Mimi nimechoka kuogopa. Naenda police station saa hii niandikishe statement. Kama hii kitu iliibiwa, wacha mwenyewe arudishiwe, hata kama nitakosa gari."

Akashika njia. Odero akamwahi mlangoni, akamshika mkono wa sweta.

"Madam, tafadhali usiende. Haikuibiwa. Mwenyewe ni mimi." Akaitoa ile karatasi mfukoni. "Niliambia watu wa insurance iliungua yote, wakanilipa."